Ncha Zibusiane

Saa kumi usiku, kambi ya Elena.
Chai ya jana imeganda ndani ya birika
na betri tatu za kamera zimelala kwapani mwangu
kama vifaranga.
Baridi huzinyonya. Ukizisahau mkobani
zinakufa kabla jogoo wa Kilembe hajawika.
Kwa hiyo nalala nazo, sigeuki ubavu.

Mbao za kutelezea ni jozi mbili.
Zilipandishwa na mgeni mmoja na wapagazi wake wanne;
aliteleza asubuhi moja tu, goti likamsaliti,
akashuka kwa machela. Mbao zikabaki.
Baluku alitaka kuzifanya rafu ya sufuria.
Nikasema ziache, nipe mshumaa nizipake nta.

Huu mwaka wa tano nafundisha.
Leo ni Bwana Byaruhanga, mhasibu wa Mbarara,
aliyekuwa hajaona barafu nje ya jokofu.
Pinda magoti, namwambia,
kama mtu aliyetaka kuketi akaambiwa kiti kina mwenyewe.
Ncha zibusiane, visigino vigombane.
Usitazame miguu. Miguu inajua.
Anatazama miguu.
Anaanguka, anacheka, theluji imemjaa masharubuni.

Na mimi kisogo changu kiko mashariki.
Saa kumi na mbili na nusu, labda na dakika tano,
jua hupenya chini ya mawingu
na mwamba ule mweusi hugeuka shaba,
shaba ileile aliyoichimba baba gizani
akarudi nyumbani nayo kwenye kikohozi.
Dakika nne. Kisha ukungu wa Kongo hupanda
na kufunga duka.

Glavu ya kulia nimeikata kidole cha shahada
nipate kubonyeza.
Kidole hicho hakisikii tena sindano wala moto wa jiko.
Mama hukisugua kwa samli, ananuna:
Nzururu anakula polepole, Kabugho,
anaanza na ncha.

Mwanga ukaja.
Nikatoa betri moja kwapani, ikaingia, ikakubali.
Nikapiga magoti kwenye jiwe langu lenye alama ya rangi nyekundu,
jiwe lilelile la kila mwaka, pembe ileile,
jicho moja kiooni, jingine kwa mwanafunzi.
Mshika mawili, walisema wahenga.
Hawakusema lipi huponyoka kwanza.

Byaruhanga.
Visigino vyake vilikuwa vimepatana,
mbao zimenyooka kama reli,
naye anashuka kimya, mikono imetanda,
kimya kabisa, ndicho kilichonitisha,
kuelekea kule barafu inakoishia na mawe yanakoanzia.
Nikaiacha kamera inining'inie shingoni.
Nilimkimbilia kwa mkato, kamera ikinipiga kifua,
nikamdaka kamba ya mkoba,
tukaviringika wote wawili kama magunia ya kahawa
yaliyokatika lorini.

Nilipoinua kichwa duka limefungwa.

Sikulia. Machozi huku ni kazi ya ziada, yanaganda.
Nilikaa tu nikihesabu, tabia ya ualimu:
mwaka wa kwanza, mwanafunzi aliyeshindwa kusimama
nilimhesabia hadi thelathini na mbili
kabla hajafika mwisho wa barafu.
Byaruhanga nimemdaka kwenye kumi na moja,
na mbele yake palikuwa pamebaki labda mbili.
Basi nimepata picha ya mwaka huu.
Siwezi kuituma kwa mtu,
siwezi kuitundika ukutani pale Kasese
pamoja na zile nne
ambazo watu huzipita wakidhani ni picha moja
iliyopigwa na mtu asiye na haraka.

Mhasibu anajipangusa. Anatafuta kofia.
Midomo imepauka, macho yanawaka kama ya mtoto.
Mwalimu, anasema, ilikuwa kasi gani ile?
Turudi juu?

Natoa betri kwenye kamera,
nairudisha kwapani kwa wenzake.
Ni baridi kama kisu. Inachoma kidogo, kisha inazoea.
Turudi, namwambia.
Ila safari hii, ndugu yangu,
visigino vigombane.