Jina Mlangoni

Kilomita moja ya mraba na chenji kidogo,
na humo watu elfu ishirini na kitu:
ukipiga chafya upande wa stesheni,
huku Mtaa wa Haecht kuna mtu
anakuombea maisha marefu kwa Kituruki.
Hiyo ndiyo Saint-Josse, imekunjwa ndani ya Brussels
kama shati kwenye sanduku la mwenye haraka.

Nevyana alifika Oktoba, na mvua.
Akapata chumba ghorofa ya nne,
dirisha linatazama minara ya vioo
anayoisafisha usiku.
Usiku kucha anafuta alama za vidole
vya watu ambao hajapata kuwaona,
alfajiri anapanda ngazi sitini na nane,
analala saa ileile serikali inapoamka.

Na nchi hii haikubali kwamba unaishi
mpaka polisi wa mtaa aje akuone ukiishi:
akute jina kwenye kengele,
mswaki kwenye glasi,
na wewe mwenyewe, wima, na soksi zako.
Amekuja mara mbili. Mara mbili kengele haikulia.
Mwenye nyumba ataitengeneza wiki ijayo,
wiki ijayo hiyo ina miaka mitatu sasa.
Karatasi chini ya mlango ilisema: *Hakuna mtu.*

Hakuna mtu!
Nyumba ambayo ukuta ukiugusa una joto la mgongo wa mtu.
Chini yuko Bibi Léontine, themanini na sita,
anakagua mifuko myeupe ya taka kama jemadari.
Juu yake Gülizar na cherehani, anapinda mapazia
ya madirisha makubwa kuliko chumba chake.
Kisha Thierno na Saliou, ndugu wa Labé,
wenye kitanda kimoja na zamu mbili:
mmoja akiamka, mwenzake anavua viatu.
Na ghorofa ya tatu, yule tusiyemjua jina,
anayejifunza tarumbeta
kwa kuiziba mdomo na taulo, kwa adabu.

Nyumba njema si mlango, walisema waliotutangulia.
Kweli. Lakini serikali inaanzia mlangoni.

Mara ya tatu ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi.
Polisi akabonyeza. Kimya. Akabonyeza. Kimya.
Akatoa kalamu.
Bibi Léontine, nyuma ya pazia lake, aliiona ile kalamu.
Akachukua mkongojo akaligonga bomba la maji,
ngo, ngo, ngo, mpaka rangi ikamwagika.
Gülizar akasimamisha cherehani, akapaza sauti ngazini.
Saliou, kiatu kimoja mguuni, akaruka vidato viwiliviwili,
akagonga mlango usio wake
na yule wa ghorofa ya tatu, hata sielewi nani alimwambia,
akalitoa taulo.

Mtaa mzima ulisikia.
Hata mwoka mikate alitoka, unga mpaka kwenye nyusi.

Nevyana akashuka, shavu lina mistari ya mto.
Polisi akauliza, "Wewe ndiye unayeishi hapa?"
Aliulizwa mmoja, wakajibu watano,
kwa lugha nne, na mkongojo.
"Basi, basi," akasema, akiandika.
"Lakini jina silioni vizuri."

Kweli halikuonekana. Mvua ilikuwa imelilamba.
Gülizar akaleta kipande cha utepe mweupe, Thierno kalamu.
Chini ya jina lililofutika kulikuwa na *Haydar*,
chini ya Haydar, *Concetta*,
chini ya Concetta herufi moja tu, V, au labda U.
"V," akasema Bibi Léontine. "Huyo alikuwa akishona kofia.
Alinidai faranga kumi, akafa bila kuniuliza."

Nevyana hakubandua kitu.
Akabandika lake juu, akalikandamiza kwa kidole gumba
kama anavyofunga bahasha mtu anayetuma fedha nyumbani.

Kengele haijatengenezwa bado.
Ghorofa ya tatu, taulo limerudi mahali pake,
ila siku hizi
halikazwi sana.