Kamusi Iliyoanzia D

Sista Pilar alipofungasha kurudi kwao
alituachia pale Ngara kompyuta ya vitufe vya mpira,
kanda moja, na kamusi
iliyoliwa na panya hadi D.

Kanda ililia dakika sita, bati likikwaruzwa,
halafu: pango. Taa. Mlango.
Vyote kwa Kihispania.

Puerta tuliipata. Lámpara tuliipata.
Ila kuchukua na kufungua
vilikuwa tumboni mwa panya.

Nyaboke akaandika duerme. Tukalala pangoni.
Escucha. Maji yanadondoka.
Akajaribu ifungue,
kitendo na mlango ndani ya neno moja,
kama tusemavyo sisi.
No entiendo, ikajibu,
na stima ikapotea mtaa mzima.

Tukamwandikia Sista. Jibu lilifika Agosti,
kompyuta ishauzwa kwa ajili ya karo:
kadi yenye picha ya punda, na neno moja,
Abre.

Hadi leo Nyaboke akija, viazi mkono huu,
mtungi wa gesi mkono ule, hapigi hodi.
Abre! anaita kwenye ngazi.
Sielewi, namjibu,
nikipapasa ufunguo.