Salio

Meza yao ya kukunja waliitandika ghalani,
kando ya mzani wa chama, Newala,
magunia ya korosho yamepandana hadi kwenye kenchi.
Karani, Bi Somoe, katoka Mtwara mjini.
Kalamu yake ina kamba, kamba imefungwa mezani,
kana kwamba sisi tuliovuka Ruvuma na bunduki
tungevuka na kalamu.

Goti: arobaini.
Sikio la kushoto: thelathini.
Kidole cha shahada: kumi.
Nikajumlisha kabla hajafunga faili.
Themanini, mama. Nimesoma hadi la saba, Kitangari.

"Hatujumlishi hivyo, Koplo Nandonde.
Uliondoka mzima, mia.
Goti likachukua arobaini, ukabaki na sitini.
Sikio haligusi tena ile mia,
linakula kwenye salio:
thelathini kwa mia ya sitini, kumi na nane.
Umebaki na arobaini na mbili.
Kidole kinakula humo humo, nne nukta mbili.
Jumla ya ulemavu, sitini na mbili nukta mbili.
Tunakadiria kwa makumi. Sitini."

Nikamwambia, mama,
lile bomu halikuwa na habari ya salio.
Lilipiga mara moja.
Sikio halikusema, goti tangulia,
mimi nitakuja kulamba sufuria.

Akacheka kidogo, kwa adabu, akajifuta jasho.
"Ndiyo maana hakuna anayefika mia kwa kuongeza majeraha.
Hata ungeniletea ishirini, baba,
pangebaki kitu."

Nyumbani Asumini alikuwa anabangua,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Nikamweleza yote. Wala hakushangaa.
"Si kama makato tu?
Wanakata ya chama, wanakata ya ghala,
wanakata ya gunia, mwisho unapewa karatasi."
Akapuliza jivu.
"Na ile mbili na nukta mbili, kaila nani?"

Litunu ndiye aliyepata mia.
Kwa mkupuo, bila jedwali,
hatua nne mbele yangu.
Faili lake halikuwepo mezani.

Usiku sikio linavuma
kama mashine ya kusaga isiyozimwa.
Linavuma lote. Sijawahi kulisikia
likivuma kwa kumi na nane.
Nahesabu upya gizani, kwa vidole tisa,
na kila nikirudia inatoka sawa.
Hilo ndilo linaloniudhi: hesabu yake ni sahihi.

Basi arobaini iliyobaki ndiyo mimi.
Ndiyo iliyoamka alfajiri,
ikanunua ndoo mbili za maji, ikapunguziwa mia,
ikaenda shambani ikichechemea,
ikainama chini ya mikorosho, ikaokota
moja,
moja,
na goti likalia kama la mtu mzima.