Kona ya Ukumbi

Miaka mitano chuoni nilijifunza kivuli:
pembe ya jua saa nane mchana, mwendo wa kusi dirishani,
kioo kinavyodanganya.
Kazi yangu ya mwisho ilisifiwa sana,
mnara mweupe
usio na mahali pa kuvulia viatu.

Mteja wa kwanza akawa Bi Mwantumu,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
muuza vitumbua, anakusanya tofali
tangu mimi niko darasa la pili.
Akaikunjua ramani mkekani,
akaikandamiza pembe kwa vikombe,
kidole chenye unga kikaufuata ukumbi
hadi kwenye kona niliyoionea fahari.
“Hapa,” akauliza, “jeneza litapindaje?”

Nikanyamaza.
Baba, fundi lipu, alizoea kusema
nyumba hupimwa kwa mwili.
Nilidhani ni kwa sababu futikamba yake ilikatika.

Usiku ule nilifuta ukuta.
Sentimita arobaini, jikoni kukapungua.
Baraza nikalirudisha. Na bomba uani,
pa kuoshea vyombo, na siku moja, yeye.

Siku hizi wenzangu huniuliza
mtindo wangu ni upi.
Watu wanne, nawajibu,
bega kwa bega,
bila kuinamisha.