Kopo la Rangi Nyeupe

Nimetumwa na ofisi, Chake.
Nina kopo, nina brashi, nina viatu visivyojua udongo.
Nitie alama bondeni, mgeni asipotee,
na kila kituo nikiandikie jina.

Shaame Faki yuko mbele, miguu mitupu,
panga kwapani, hasemi mpaka aulizwe.
Tunaanza juu, mikarafuuni,
majamvi yameanikwa, harufu imefika kooni,
kisha mgongo wa kilima unakatika ghafla
kama maneno ya mtu aliyemwona mdai wake anakuja.

Hapa panaitwaje?
"Vua Ndara."
Nikacheka.
Hatua ya tatu nikavivua, nikavitundika kwenye mfenesi,
nikatia alama hapo hapo, rangi ikichuruzika.
Mteremko ule mwekundu, mlaini kama ini.
Nikashika mizizi, nikashika nyasi,
nikashika, Mungu anisamehe, shati la Shaame.

Na hapa?
"Kaa Mama."
Kuna jiwe, kweli, limebonyea katikati.
Wangapi wamelikalia na kuni zao, na watoto wao mgongoni,
Shaame hajui, na jiwe halina daftari.
Nikakaa. Lilikuwa na joto
kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

Chini zaidi jua linaingia vipande vipande.
Miwale imeifunga mbingu,
makangaga yananifika kifuani.
Ninga wanaruka wawili wawili, kijani ndani ya kijani,
huwaoni mpaka tawi litikisike.
Kuta za bonde zimesimama huku na huku,
masika yamezichana, mizizi inaning'inia nje
kama nyuzi za pindo lililofumuka,
na maji nayasikia, siyaoni,
yanasema jambo moja tu tangu asubuhi.

"Hapa," anasema, safari hii bila kuulizwa,
"Deni la Hamadi."
Deni gani?
Anapangusa panga kwa jani, upande huu, upande ule.
"Gunia la karafuu lilimponyoka, likaenda na mto.
Halikuwa lake."
Hakuongeza.
Nikaandika. Kalamu ilikuwa na tope,
Hamadi akatokea mwekundu katika karatasi ya serikali.

Tukafika mtoni.
Mawe matatu yenye ukoga, maji meusi katikati,
ng'ambo mpunga mchanga, na mtoto wa kike anaamia ndege
kwa kugonga debe, ta, ta,
akituona ananyamaza, kisha anagonga kwa nguvu zaidi.
Nikachovya brashi.

"Hapa usitie."
Lakini ndipo pabaya kuliko pote, Shaame!
"Basi ndiyo maana.
Akitazama alama yako, mguu ataupeleka wapi?"

Nikafunga kopo.
Nikavuka nikiangalia jiwe, jiwe tu,
la kwanza, la pili,
la tatu likacheza kidogo, likaniacha nipite.

Jina la hapa halikutajwa, nami sikuuliza.
Jumatatu mkuu wangu ataweka kidole kwenye mstari ule mtupu
na kunitazama juu ya miwani.

Nyayo zilikuwa zinaniwasha kwa baridi nilipokumbuka:
viatu vyangu viko juu, mfenesini, pamoja na alama yangu.
Nikageuka kumwambia Shaame.
Alikwisha kurudi ng'ambo ya mto, anapanda,
na mabega yake, kwa nyuma,
yanacheka.