Jezi Namba Kumi na Moja

Kocha Rwechungura, mimi si mchambuzi,
mimi ni mfuaji. Jezi zenu huletwa kwangu Igogo
kwenye kiroba, Jumatatu asubuhi,
nami huzisoma kabla sijaziloweka.

Ya Mafuru, beki wa kushoto: tope hadi kwenye kola.
Alianguka mara ngapi huyu mtoto, na nani alimsaidia?
Ya Bwire imechanika begani. Kimo chake unakijua,
bado mkamrushia mipira ya juu
kana kwamba ni mlingoti.
Ya Sayi, kiungo mkabaji, ina jasho la dakika sitini tu.
Tulikuwa tunaongoza moja bila, Kocha.
Ukamtoa.
Mabao yote mawili yalipita palepale alipokuwa amesimama.

Halafu hii.
Ya Lushinge.
Imekunjwa vilevile nilivyoikunja,
inanukia sabuni yangu mwenyewe.

Mvua ilitoka ziwani saa kumi kasoro,
Kirumba pakawa jaruba la mpunga,
na kijana wa Igombe, aliyejifunzia chenga
kwenye matope ya mwaloni, kati ya mitumbwi na vichanja vya dagaa,
akakaa benchi kajitanda taulo.

Wanasema Alhamisi hakuja mazoezini.
Kweli hakuja. Alikuwa Bugando, anamshika mama yake mkono.
Uliuliza?

Nimezianika zote, zinachuruzika kwenye waya.
Kumi na moja nimeifua pia.
Bei ni ileile, Kocha:
iliyocheza na isiyocheza.