Jina la Diski

Ijumaa jioni, ofisi ya ushirika, Hombolo,
nilibadilisha jina la diski.
Lilikuwa refu, lenye tarakimu, kama jina la mfungwa.
Nikaandika: Zabibu. Nikazima, nikaenda zangu.

Jumatatu kioo cheusi.
Kistari cheupe kinapepesa pembeni
kama mtu aliyetaka kusema akasahau nini.

Wakulima foleni, makreti juani.
Bi Mazoya anauliza, "Kilo zangu mia mbili na kumi zimo?"
Zimo, mama. Na deni lako la salfa limo.
Hakuna kilichoibiwa, hakuna kilichooza,
ila ndani kabisa kuna kikaratasi
kinachosomwa kabla ya yote mashine inapoamka,
nacho kinaita jina la zamani.
Kinaita. Zabibu yupo pale pale, anasikia,
haitiki: hajaitwa yeye.

Bi Mazoya akacheka:
"Mji wetu ulikuwa Idodomya,
wageni wakalikata jina kichwa na mkia,
na treni inafika bado."
Treni ina dereva, nikasema. Hii ina kikaratasi tu.

Chilongani akaja na flashi kutoka mjini,
akaiamsha mashine kwa mlango wa nyuma,
akalirudisha lile jina baya, herufi kwa herufi.
Mimi nikamsomea kwa sauti,
kidole juu ya kila tarakimu, kama mtoto wa chekechea.

Saa tisa kioo kikawaka.
Kreti la kwanza lilikwisha kuanza kunuka mvinyo.